Damaris Mkawasi na Arobaini Yake ya Griftu

Jamaa zetu mliotoka Taita, washirika, na majirani wa Garissa, tunawaomba mkae. Wa mbele wasogee, wa nyuma wapate kivuli. Marehemu alipenda kila mtu apate pa kukaa, ingawa yeye mwenyewe hakujua kukaa. Haya ni maisha ya Damaris Mkawasi Mwadime, yanasomwa na mdogo wake, Wawuda.

Damaris alizaliwa tarehe 14 Aprili 1969 huko Werugha, Taita, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwakio na Bi. Mkamburi, ambao wote wametangulia. Tangu utotoni hakutulia. Alikula amesimama, sahani mkono mmoja, mkono wa pili ukimfunga mdogo wake vifungo vya sare. Mdogo huyo ni mimi. Mama alimwambia, "Keti ule, Mkawasi, chakula hakina mbio." Alijibu "ndiyo, Mama" akiwa tayari yuko mlangoni.

Alisoma shule ya msingi hapo Werugha kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha shule ya bweni ya wasichana mjini Voi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1986. Mwaka 1988 alijiunga na chuo cha uuguzi Mombasa na kuhitimu 1991. Mkono wake wa sindano ulikuwa mwepesi mno. Watoto aliowachanja walisahau kulia, wakakumbuka wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Gideon Mwadime, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha theolojia, mwembamba, mwenye viatu vya kuazima. Walijaliwa watoto wawili: Mghoi, aliyezaliwa 1995, na Mshila, aliyezaliwa 2004.

Mwaka huo wa 2004 kanisa liliwatuma Garissa kama wamisionari, kwa miaka miwili. Ndivyo walivyoambiwa. Miaka miwili ikazaa mingine, na leo tunahesabu ishirini na moja. Mchungaji alihubiri, akazika, akapatanisha wenye ndoa na wenye kwaya. Dada alifanya kazi katika zahanati moja hapa mjini, na kwa muda kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Mgonjwa aliyemkosa zahanati alimfuata jikoni.

Tarehe 21 Agosti 2007 malaria ilimchukua Mshila, akiwa na miaka mitatu. Hapakuwa na mchungaji mwingine karibu, basi baba yake akavaa kanzu, akafungua kitabu, akamzika mwanawe kwa sauti isiyotetemeka. Watu walisifu imani yake. Dada alikaa peke yake kwenye kiti cha wafiwa. Hakumlaumu mumewe, lakini jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote, nami nalisema leo kwa sababu ndilo alilotaka litengenezwe kabla hajafa.

Mwaka 2009 aliletwa zahanati mama mmoja wa Kisomali mwenye uchungu mzito wa kuzaa. Alikuwa Saynab, mke wa mfugaji Dubow wa Griftu, kule Wajir. Mtoto, Filsan, alizaliwa salama, lakini mvua ilikata barabara, na Saynab hakuwa na jamaa mjini. Dada akamchukua nyumbani kwake, akamtunza arobaini nzima ya uzazi kama inavyotakiwa. Alimkanda, akampikia uji, akamnyang'anya hata kikombe alichotaka kuosha. Saynab alipoondoka alimwambia, "Abaayo, dada yangu, na wewe ukichoka, arobaini yako iko kwangu."

Kuchoka walichoka. Mwaka 2012 walipewa likizo wakaja Werugha, nasi tuliwamaliza kabisa. Kila nyumba ilitaka maombi, kila msiba ulimtaka mchungaji, na dada alipima wagonjwa waliopanga foleni hadi uani kwa Mama. Alipopanda basi kurudi aliniambia, "Wawuda, tukipewa likizo tena, utusaidie kujificha."

Mwaka 2024 madaktari wa Nairobi waligundua kwamba ana saratani ya ini. Walisema wazi kwamba dawa zingempunguzia maumivu tu. Kanisa likawapa mapumziko, nasi tukatandika vitanda Werugha. Dada akakataa. Tarehe 2 Desemba waliingia Griftu, nyumbani kwa Dubow na Saynab.

Kule, nawaambia, walipumzika. Majirani walikuwa Waislamu wenye imamu wao, kwa hiyo hakuna aliyebisha hodi kutaka maombi. Saynab alimlaza dada kwenye mkeka, akamletea maziwa ya ngamia, na kila alipojaribu kuinuka alimwambia, "Abaayo, kaa. Maji iko, moto iko, mimi niko." Siku ya Ijumaa Dubow alikwenda msikitini, na shemeji akabaki kuwafukuza mbuzi wasiingie jikoni. Dada alicheka hadi akashika ubavu, "Hatimaye mchungaji amepata kundi!" Shemeji naye alimtania kwamba siku za mwizi ni arobaini, na kwa kuwa wameiba pumziko, watakamatwa tu.

Walikamatwa tarehe 21. Wazee wa kanisa walipiga simu: Krismasi itakuwaje bila mchungaji? Shemeji akafunga mkoba. Dada alijua kwamba akirudi kazini hatatoka tena, na siku zake zilikuwa zinakwisha, lakini alinyamaza. Dubow hakunyamaza.

"Wewe nakwenda wabi?"

"Garissa, mzee. Kuna ibada ya Krismasi."

"Mgeni nakuja na mguu yake, lakini natoka na ruhusa ya mwenye nyumba. Kondoo yenu ya kuaga ile bale. Angalia mbafu yake. Wewe nataka watu waseme Dubow amefukuza wageni na njaa?"

"Mzee, washirika wananingoja."

"Hiyo sikukuu narudi kila mwaka," Dubow alisema. "Mama Mghoi, yeye narudi?"

Shemeji akaweka mkoba chini. Siku ya Krismasi Saynab aliwapikia wali na nyama, akawatandikia mkeka kivulini, akawaachia nafasi. Waliimba ubeti mmoja, wakashindwa wa pili. Halafu shemeji, aliyekuwa hajalitaja jina la Mshila tangu 2007 ila kwenye sala, alilitaja. Akalia kilio cha miaka yote aliyoiruka. Dada alimshika kichwa mpaka akanyamaza, kisha akampa agizo lake. "Nikifa unilaze karibu na Mshila, Garissa. Na usivae kanzu. Wengine wanizike. Wewe nililie."

Dada mwenyewe alinisimulia haya baadaye, nami nikimwosha miguu, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona tangu arusi yake.

Arobaini haikutimia. Tarehe 4 Januari hali ilimgeukia, wakaondoka kwa haraka kupitia Wajir, bila kuagana sawasawa. Tulimuuguza hapa Garissa. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, aliuliza kama kila mtu amekunywa chai. Tulipomjibu ndiyo, akafumba macho. Tumeumia, na hatutajifanya kwamba hatujaumia.

Ameacha mume, Mchungaji Gideon Mwadime, binti, Mghoi, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake wanne, na Saynab, ambaye hakuzaliwa Werugha lakini analia kama sisi. Yeye na Dubow walifika jana kutoka Griftu na yule kondoo. Amenenepa. Dubow amemchinja mwenyewe asubuhi hii, na baada ya mazishi sote tutakula, kwa sababu mgeni wake hakuwa ameagwa.

Wazee walimwomba shemeji walau atoe baraka ya mwisho. Alitikisa kichwa. Yuko pale, kiti cha kwanza cha wafiwa, hana kanzu, hana kitabu, na mkono wake uko juu ya jeneza. Shemeji, lia. Ndivyo alivyoagiza.

Na wewe, Mkawasi wetu, sasa keti. Chai imenywewa. Pumzika kwa amani, na asikuite mtu tena, mpaka akuite Mungu mwenyewe.