Blandina Hhando na Swali Lake la Wino Mwekundu

Tunawatangazia wafanyakazi wote, kwa uzito unaostahili, kwamba kiti chenye mto wa bluu katika ofisi ya walimu kitakuwa wazi kuanzia tarehe 30 Juni 2026. Maombi hayapokelewi, mimi nimeshajaribu. Mwenye kiti, Mwalimu Blandina Hhando, anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha utafiti hapa chuoni kwetu Karatu.

Alikuja akiwa binti mwembamba kutoka kijijini Daa, na baadhi ya wanafunzi wake walimzidi umri. Alifundisha madirisha yakiwa wazi hata Julai, ukungu ukiingia darasani, ili asisinzie mtu. Kila ripoti ilirudi na swali lake kwa wino mwekundu: “Nani alikwambia?” Niliwahi kumpa makala yangu aipitie. Iliporudi nilidhani imejeruhiwa.

Akili unde ilipoingia kwenye simu za wanafunzi, wengine walitaka ipigwe marufuku, wengine iachwe, nami niliunga mkono kila aliyezungumza mwisho. Blandina aliifungua mbele ya darasa, akaiuliza kuhusu maisha ya wafugaji wa Piyaya, akasoma jibu lake tamu, kisha akaiandikia: “Nani alikwambia?” Darasa lilicheka mpaka mkuu wa chuo akaja kuchungulia. Tangu hapo ikawa sheria yake: “Ikusaidie kupanga maswali na kunyoosha lugha, mwanangu. Majibu kayatafute kwa watu.”

Mwaka juzi kamati ya nidhamu ya chuo ilitaka kumfukuza Soila, mwanafunzi kutoka Piyaya, ikisema ripoti yake kuhusu wanawake wauza maziwa iliandikwa na mashine. Nyote mnaijua hadithi inavyosimuliwa: Blandina akasimama kumtetea, Soila akajibu kila swali, kamati ikainamisha vichwa.

Asante, Mwalimu, kwa kutuchosha vizuri. Daa ikupokee kwa furaha, mahindi yakubali, magoti yasikusumbue. Ila siwezi kukuaga kwa hadithi iliyopakwa rangi, na Soila mwenyewe ameniruhusu kuinyoosha.

Ripoti ile iliandikwa na mashine, karibu yote. Blandina aliitambua kwa sababu akina mama wa Piyaya walizungumza humo kama wageni rasmi wa semina. Aliiambia kamati wazi kwamba kosa lipo, akaomba binti arudie mwaka badala ya kufukuzwa. Likizo ilipofika walikwenda Piyaya pamoja. Blandina hajui Kimaasai, kwa hiyo alikaa kimya akinywa chai ya maziwa huku Soila akiuliza mwenyewe.

Ripoti ya pili ilikuwa fupi, Kiswahili chake kikichechemea, na ilipata alama za wastani. Blandina alitusomea ofisini kipande kimoja: mama mmoja alisema ng'ombe wakihamishwa wakati wa ukame, yeye hukosa usingizi kwa kutosikia kengele zao. Kuanzia Julai, Mwalimu, ndivyo tutakavyokuwa.