Kisanduku Kilichokosekana kwenye Fiche ya Kabamba

Benchi letu ni mti wa reli uliolazwa juu ya matofali, mbele ya lango la kiwanda cha magunia, hapa mtaani Panda. Kiwanda kilifungwa miaka mitatu iliyopita, lakini sisi tunakuja tu kila asubuhi, vichwa vigumu. Mama Marceline anatuuzia kahawa. Théophile tunamwita Procureur, maana kwake kila kitu ni kesi. Ruphin ni Pasta, ingawa hakuna kanisa lililompa kazi. Constantin ni Mashini, kwa sababu ndiye aliyeendesha ordinatère, yaani kompyuta, ya kiwanda. Jana tulipata habari kwamba Kabamba, mwenzetu wa benchi hili, ameangukiwa na udongo akichimba shaba kule Kambove, kazi aliyoishika tangu afukuzwe kiwandani. Amekufa. Leo Mashini amekuja na makaratasi aliyotumiwa na shemeji yake wa Ulaya, ya lugha mpya ya ordinatère inayoitwa JavaScript. Kahawa hajaigusa.

MASHINI: Ni mimi njo nilimufukuza Kabamba kazi.

PROCUREUR: Acha, vieux. Ni patron, mukubwa wa kiwanda. Alimuchukia zamani.

PASTA: Patron hakumujua ata sura. Mule mwa ordinatère mulikuwa roho mubaya.

PROCUREUR: Basi ilikuwa wivu. Kabamba alikuwa anashona magunia mbio kupita mashini yote.

PASTA: Ao courant, ile umeme. Kila ikikatika, inameza jina ya muntu moja.

MASHINI: Hakuna roho, hakuna courant. Mwaka wa tisini na tatu patron alisema abaki tu mwenye certificat ya munganga, karatasi ya afya. Mi nikaandika swali moja kadogo. Ordinatère inakamata fiche ya kila muntu, ukurasa ya habari yake, inauliza: certificat iko? Inajibu ndiyo ao hapana. Wa hapana anatoka.

PASTA: Mais Kabamba alikuwa na certificat. Alitembea nayo mu mufuko.

MASHINI: Njo vile. Fiche yake ilikuwa ya zamani, haikukuwa na kisanduku ya certificat. Haikuandikwa ndiyo, haikuandikwa hapana. Kisanduku yenyewe hakuna. Na swali yangu ikahesabu ile kukosa kama hapana.

Akapiga karatasi kwa kidole.

MASHINI: Hapa banasema, uliza kwanza kama kisanduku iko. Kiisha njo unauliza mule ndani muko nini. Maswali mbili. Mi niliandika moja. Alikuya na certificat mukononi, nikamuambia mashini haikosei.

PROCUREUR: Basi kosa ni ya hii lugha. Ilichelewa kuya. Tuishitaki.

Kabedi, binti ya Kabamba, alikuwa anakuja, kitambaa cha kilio kichwani. Alitusalimia, akatuambia maiti itafika saa sita. Mashini akasimama, akamweleza yote, fiche, kisanduku, swali. Kabedi alisikiliza mpaka mwisho.

KABEDI: Papa Constantin, ile mwaka, baba alikuwa anaikala wapi hapa?

MASHINI: Hapa. Pembeni yangu.

KABEDI: Kila asubuhi?

MASHINI: Kila asubuhi, mbele sirène ya kazi ilie.

KABEDI: Sasa mbele ya kupeleka kwa patron liste ya bantu ya kufukuza, juu ya nini haukumuuliza yeye?

Mashini alikuwa bado amesimama, makaratasi mkononi. Mama Marceline akamimina kahawa iliyobaki kwenye kikombe cha Kabamba, akampa Kabedi. Akainywa polepole mpaka ikaisha, akitungoja tumjibu.