Mama Vinundu Akabidhi Bakteria Wake kwa Mbinde

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtafiti wetu mwandamizi wa mimea na udongo, tunayemwita Mama Vinundu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, niliyekaa naye meza kwa meza muda mrefu kuliko wote, niandike maneno mazuri. Nitajitahidi, lakini mama huyu ametutoa jasho, na kamati inajua.

Jina hilo la utani limetokana na vinundu vidogo vinavyoota kwenye mizizi ya baadhi ya vichaka. Ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kukipa kichaka, nacho kichaka huwalisha sukari. Alipoajiriwa, idara nzima iliamini kwamba wawili hawa wametoka mbali pamoja: kila ukoo wa vichaka ulipogawanyika, ukoo wa bakteria wake nao uligawanyika. Mkuu wa idara wa wakati ule alikuwa ameshalitangaza jambo hilo kila alikoalikwa. Kazi ya Mama Vinundu ilikuwa kuthibitisha tu, basi.

Hakuthibitisha. Alichora nasaba ya vichaka kwenye ukuta mmoja wa ofisi na ya bakteria kwenye ukuta wa pili, akaunganisha kila kichaka na mwenzi wake kwa uzi wa kufumia. Nyuzi zilipaswa kwenda sambamba. Badala yake zilikatizana mpaka tukawa tunainama kila tukienda kuchemsha chai. Vichaka ndugu wa damu vilikuwa na wenzi wasiojuana kabisa, na vichaka visivyo na undugu wowote vilikuwa na bakteria wa ukoo mmoja. Mkuu alinuna msimu mzima wa mvua.

Kisha likaja la aproni. Ili kuhakikisha kwamba kichaka kweli kinaweza kubadili mwenzi, tuliotesha miche kwenye mchanga uliochemshwa. Mingine tuliipa bakteria wa jamaa zake, mingine wa kigeni, na mingine tukainyima kabisa. Ile iliyonyimwa ilipaswa kudumaa na kuwa ya njano. Asubuhi moja tuliikuta imeshika kijani safi. Mgeni yeyote angetupongeza. Mama Vinundu alikaa kwenye sakafu yenye maji, akashika kichwa: bakteria walikuwa wamepenya wasikotakiwa. Alitushuku wote, akakagua mpaka kucha za fundi bomba, kumbe chanzo ni aproni yake mwenyewe, aliyokuwa akijifutia mikono kutoka chungu hadi chungu. Alitutangazia kikaoni bila kupepesa macho, akatupa miche yote, pamoja na matumaini yangu ya kupanda cheo mwaka ule. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo kidogo. Tulianza upya, jibu likawa lile lile la nyuzi, na safari hii hakuna aliyeweza kulipinga.

Mwaka huu ndipo alipotumaliza kabisa. Bakteria wote aliokusanya wako hai kwenye vichupa katika chumba cha baridi, na wasipohamishiwa kwenye chakula kipya mara kwa mara, wanakufa. Uongozi ulisema wazi kwamba asipopatikana mtunzaji kabla hajastaafu, chumba kinazimwa. Ungedhani angemkumbatia yeyote anayejitolea. Wapi! Mmoja alimkataa kwa sababu anapiga chafya, mwingine kwa sababu anaongea huku kichupa kiko wazi. Mimi nilikataliwa mara mbili, ya pili kwa kosa la kuwa na haraka. Mume wake, mwalimu mstaafu mwenye subira ya ajabu, alitwambia tusijisumbue, maana hata yeye haruhusiwi kuosha sufuria nyumbani. Mtu aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba kichaka hupata mwenzi mpya kikaendelea kumea, hakuamini kwamba vichupa vinaweza kupata mtu mwingine!

Mwezi uliopita, kwa ruhusa ya muda, nilikuwa peke yangu chumbani humo nikihamisha bakteria. Vichupa vikiwa wazi mbele yangu, mlango ukafunguka. Ni yeye, katoka shambani, na mabuti yake ya matope. Uvumilivu uliniishia.

"Mama, toka! Toka na hayo mabuti, utaniharibia kazi!"

Hakuna aliyewahi kumfokea, sembuse humo ndani. Aligeuka, akafunga mlango taratibu, nami nikarudia vichupa vyangu. Kesho yake mkuu wa idara aliniita kunijulisha kwamba Mama Vinundu ameshampata mtunzaji, na mtunzaji huyo ni mimi. Mpaka leo sijui kama siku ile alisahau au alinitega. Nikimuuliza, anacheka tu.

Mama yetu, asante kwa kila ulichotufundisha, hata kwa yale tuliyojifunza huku tumenuna. Chumba hakizimwi. Pumzika sasa, ucheze na wajukuu, na maisha yako ya nyumbani yawe marefu na mema. Ukitaka kuja kuwaona bakteria wako, karibu sana. Ila piga hodi, halafu usubiri nje.