Jawahir Nunow na Nyimbo Arobaini za Udi

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Bi Jawahir Nunow anastaafu baada ya kutumikia kiwanda chetu cha uchapaji hapa Galbet, Garissa, kwa miaka ishirini na sita. Aliingia akipanga herufi za risasi kwa mkono. Anatoka akiwa mkuu wa chumba cha kompyuta.

Ratiba za shule za Bute huko kaskazini, kadi za kliniki na mialiko ya harusi za nusu ya mji huu zimepita mikononi mwake. Lakini kazi tutakayomkumbukia ni ile ya mwaka 1996.

Mzee Rage, mpiga udi, ile ala ya nyuzi, aliyekimbia vita Somalia akaishi kambi ya Dagahaley, aliarifiwa kwamba baada ya wiki kumi angehamia Kanada na jamaa zake. Nyimbo zake arobaini zilikuwa katika daftari moja kuukuu: mistari sita kwa nyuzi sita, na juu ya mistari nambari za kuonyesha kidole kiwekwe wapi. Alitaka wanafunzi wake waachiwe kitabu.

Tuliletewa programu mbili za kompyuta kutoka Nairobi. Moja ilipendeza macho, ukurasa ukijipanga wenyewe. Nyingine ilikuwa kavu, kila nambari ikitaka amri yake. Bi Jawahir alichagua ya kwanza. Kwa wiki tatu aliandika nyimbo kumi na nane, huku akiinuka kila mara kwenda mlangoni na kurudi, moyo haumtulii. Mwishowe alichukua ukurasa mmoja, akapanda lori hadi Dagahaley ili upigwe mbele ya mzee.

Mwalimu Naimo, mwanafunzi wa mzee, aliupiga wimbo ambao hakuwahi kuusikia, akifuata ukurasa ule. Mzee Rage alisikiliza hadi mwisho.

“Abaayo,” alisema, akimwita dada kwa Kisomali, “huu si wimbo wangu.”

Ile programu, katika kuubana ukurasa upendeze, ilikuwa imehamishia nambari kadhaa kwenye uzi wa jirani.

Meneja wetu, Bwana Dayib, alimshauri asahihishe kwa kalamu.

“Nitasahihisha ninayoyaona,” Bi Jawahir alimjibu. “Na nisiyoyaona?”

Akafuta zote kumi na nane, akaanza upya kwa ile programu kavu. Zilibaki wiki saba. Umeme ukikatika, alizunguka chumba. Ukirudi, alishika kazi kabla hatujajua umerudi. Alitugombeza sote, kisha akatuletea sambusa.

Siku nne kabla ya safari ya mzee, alipeleka kitabu Dagahaley. Naimo alifungua wimbo mwingine asioujua, akaupiga. Mara hii Mzee Rage hakungoja umalizike. Aliudaka katikati, akaanza kuimba. Bi Jawahir alitoka nje akalia, jambo alilotukataza kulitaja.

Leo Naimo anafundisha watu kumi na mmoja kwa kitabu hicho.

Bi Jawahir, ahsante kwa kukubali kuanza upya wakati sisi tulipotaka kumaliza. Mungu akujaalie afya, umri mrefu na nyumba yenye furaha.

Abdiqani Bare,
Chumba cha usahihishaji