Poda ya Samy Mianda

Tunayemsindikiza leo, Samy Mianda Kankolongo, alizaliwa Kolwezi tarehe 12 Machi 1979, mtoto wa pili wa Tata Kankolongo, mfanyakazi wa reli, na Mama Tshibola. Wa kwanza ni Kalombo, anayesoma maneno haya.

Kalombo alipomaliza darasa la sita, baba alikuwa ameachishwa kazi, na kijana akapewa mwiko wa uashi. Samy alipomaliza, mwaka 1991, baba alikuwa amerudi kazini. Samy akaingia shule ya ufundi, upande wa ujenzi, miaka sita. Julai 1997 akafaulu mtihani wa Dola, ule wa serikali wa kumaliza sekondari.

Siku hiyo mtaa mzima ulimmwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi yetu. Mama alichinja kuku wawili. Kalombo peke yake hakumwaga. Alikuwa amenyoosha kuta kwa miaka kumi, na kichwani mwake hakikuwahi kuanguka kitu ila vumbi la saruji. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

“Yaya Kalombo, na weye?” Samy alimwita kaka yake. “Poda yangu iko wapi?”

“Ilishaisha.”

Diploma ya Dola haikutosha. Samy alisoma graduat, shahada ya chuo ya miaka mitatu, huko Lubumbashi, akafanya stage, mafunzo ya kazini, miezi minne kwenye barabara ya Kasaji, akatetea ripoti yake mbele ya walimu. Mwaka 2001 ndipo alipoitwa fundi sanifu wa ujenzi, mwenye haki ya kutia sahihi. Kazi yake ilikuwa kupima udongo na zege, karibu na Mutoshi.

Tarehe 18 Agosti 2007 alimwoa Jémima Mbelu. Nyumba yao aliijenga Kalombo.

Mwaka 2012 walikutana kwenye kazi moja. Vipande vya zege vya majaribio, vilivyolowekwa siku ishirini na nane, vilipasuka kwenye mashine kabla ya kufikia uzito unaotakiwa, na Samy akaamuru nguzo za kaka yake zibomolewe.

“Tata Kalombo, mudogo yako iko anakuvunjia kazi!” vibarua walicheka.

Jumamosi Samy alikuja na koleo, akakoroga zege pamoja naye.

“Yaya, maji ilikuwa mingi. Mi nilijifunza mu kitabu, weye unajua mu mukono. Tuunganishe.”

Nguzo walizojenga upya zimesimama hadi leo. Wivu nao ulisimama. Kalombo anauandika hapa kwa sababu Samy aliujua, na hakumpenda pungufu.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua. Hospitalini, kila Kalombo alipoingia, mgonjwa alitabasamu: “Yaya, poda yangu?” Kalombo alinyoosha shuka. Samy alituacha alfajiri ya tarehe 3 Mei 2025.

Ameacha mama yake, mjane Jémima, watoto Glodie, Mechack na Elise, na kaka mmoja.

Kaka huyo amekuja na kopo la poda. Kabla udongo haujaanguka, atalimimina lote juu ya sanduku.

Umefaulu, mudogo yangu. Pumzika sasa kwa amani.