Kifungo cha Tawala Mbili

Fundi cherehani alifumba macho kwenye basi ili asikie vizuri. Mbele yake mwalimu mstaafu na dereva wa trekta, watu wasiojuana kabisa, walikuwa wakigombania jela.

"Mjerumani alimfunga babu yangu miezi sita kwa kutoipigia bendera yake saluti," alisema dereva. "Umebaki mwezi mmoja, Mjerumani akashindwa vita, akatimua mbio, akaacha mlango wa jela wazi wiki nzima. Mwingereza alipofika akasema kifungo kile hakitambui, babu aanze upya."

"Lakini kama mlango ulikuwa wazi, kwa nini hakuondoka?" aliuliza mwalimu.

"Mzee wangu, babu alikuwa mtu wa heshima. Alibaki anafagia jela, anangoja mtu wa kumkabidhi jela hiyo."

"Basi alijifunga mwenyewe! Mimi nisingekaa hata dakika."

"Babu yangu umwache, tafadhali!"

Fundi alibana kicheko. Basi likakohoa, likazima moja kwa moja. Abiria wakahamia basi la kampuni nyingine, ambako kondakta alizigeuzageuza tiketi zao, akazirudisha.

"Hizi ni za wale. Hapa mnalipa upya."

Mwalimu aliutazama mlango, uliokuwa wazi, kisha akatoa pochi.