Muhuri wa Venant Masele

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Venant Masele, dalali wa nyumba na viwanja wa Mabatini, hapa Mwanza. Venant alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Tunasimulia kama alivyotusimulia mkewe, mama Odeta.

Kwa miaka mingi Venant alifanya udalali bila leseni. Ofisi yake ilikuwa benchi la fundi viatu, karibu na stendi ya Buzuruga. Siku moja akampangisha mwalimu Bushra nyumba aliyooneshwa na mtu mwenye funguo. Mwenye funguo, wala si mwenye nyumba. Mwezi haujaisha, mwenye nyumba akashuka na meli kutoka Nansio, akakuta mapazia ya watu dirishani kwake. Bushra na wanawe wakahamia sebuleni kwa Venant. Walikaa wiki tatu.

"Bushra hakumgombeza," anasema Odeta. "Kila asubuhi alimwamkia tu, shikamoo baba. Hiyo ndiyo iliyommaliza."

Ndipo Venant akakata leseni. Akaitundika ukutani, akachongesha muhuri. Tangu hapo hakuuza wala kupangisha nyumba kabla ya kuona hati, kuongea na mume na mke, kisha kubisha hodi kwa jirani na kuuliza, "Hii nyumba ni ya nani?" Madalali wenzake walimwita Polisi wa Mapazia. Wateja wengine walimkimbia.

"Leseni haiulizi kitu," aliwajibu. "Wa kuuliza ni mimi."

Siku ya tatu ya msiba, Odeta alikuwa jikoni akisuuza kikombe alichokwisha kukisuuza. Akaingia Chenge, dalali mwenzake na Venant, na karatasi za mauziano ya nyumba.

"Pole, shemeji. Gonga tu muhuri hapa, mteja anasafiri kesho. Leseni si bado ipo ukutani?"

"Leseni ni ya Venant."

"Na wewe ni wa Venant. Nani atajua?"

Odeta akauchukua muhuri. Anasema hakusikia hasira wala uchungu. Mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Akatazama karatasi. Sahihi ya mume ilikuwepo. Ya mke haikuwepo.

"Hii nyumba ni ya nani?"

Chenge akanywa chai aliyokaribishwa.

"Umebisha kwa jirani?"

Chenge alimalizia chai yake, akakunja karatasi, akaaga.

Asubuhi yake Odeta aliitungua leseni, akaipeleka halmashauri irudishwe. Karani akamuuliza mwenyewe yuko wapi.

"Nimemwacha nyumbani," Odeta akajibu, akatoka. Alifika getini, akasimama. Kisha akarudi dirishani kwa karani, akamwambia, "Amefariki."

Mpaka tunaongea naye, alikuwa bado hajalia.

Mama Odeta, wewe na jamaa wote wa Masele, poleni sana. Mungu ampumzishe Venant. Na wewe msikilizaji uliyeshika kalamu leo, ukitaka kununua au kupanga, iweke mezani kwanza. Nenda kabishe hodi kwa jirani.